Kikomo Kinachohama: Hesabu za Ongezeko la Watu Mlimani Meru na Mjini Arusha

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, hunasa mvua kwenye miteremko yake ya kusini na mashariki na kuuacha upande wa kaskazini ukiwa mkavu. Ukanda wenye rutuba na maji ya kudumu ni mwembamba: juu yake kuna msitu, chini yake nyika. Ndani ya ukanda huo, na katika mji uliozaliwa ukingoni mwake, swali la ni watu wangapi wanaoweza kuishi mahali pamoja limeulizwa kwa zaidi ya karne moja, na mara kadhaa limejibiwa kwa hesabu. Hesabu hizo mara nyingi zilieleza vizuri jinsi watu walivyokuwa wakibanana. Kikomo chenyewe, hata hivyo, hakikutulia. Kilisogezwa na zao jipya, na mfereji, na hati ya ardhi, na barabara ya kwenda mjini.

Migomba na rika

Wameru walianza kuishi upande wa mashariki wa mlima yapata karne ya 17, kwa kadirio la wanahistoria. Waarusha, wasemaji wa Kimaa waliotoka Arusha Chini kusini mwa Moshi, walipanda upande wa kusini-magharibi katika miaka ya 1830. Jamii zote mbili zilikuja kutegemea kilimo kilekile: migomba iliyopandwa kuzunguka nyumba, maharage na magimbi chini ya kivuli chake, samadi ya ng'ombe waliofungwa zizini, na maji ya mifereji iliyochepushwa kutoka mito ya mlimani. Shamba la namna hiyo, ambalo Wameru kama Wachaga huliita kihamba, halihitaji kupumzishwa. Hulimwa mwaka baada ya mwaka, na baba humrithisha mwana.

Ongezeko la watu lilimezwa kwa kufyeka msitu. Vijana waliomaliza umorani walitafuta ardhi mpya juu ya mashamba ya baba zao, na rika lililowafuata likapanda juu zaidi. Maadamu msitu ulikuwepo, hakuna aliyelazimika kugawa kihamba vipande visivyotosha. Kwa lugha ya hesabu, idadi ya watu na eneo la kilimo vilikua pamoja, na uwiano wa mtu kwa ardhi ukabaki karibu palepale.

Mwendo huo ulivurugwa mwishoni mwa karne ya 19. Sotoka iliua ng'ombe kote Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, na njaa na ndui vikafuata. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na jeshi la Wajerumani likajibu kwa kampeni za adhabu zilizochoma mashamba na kunyang'anya mifugo. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na uchumi wa Afrika Mashariki, alidai kwamba miongo ya ukoloni wa mwanzo ilikuwa ya kupungua kwa watu katika sehemu kubwa ya Tanganyika. Wanahistoria wengine wamebishania ukubwa wa upungufu huo, lakini hoja yake ina uzito kwa yeyote anayekokotoa. Ongezeko la karne ya 20 lilianzia kwenye idadi iliyokwisha kuporomoka, kwa hiyo sehemu ya kasi yake ya mwanzo ilikuwa ni kupona kwa jamii iliyojeruhiwa.

Pete ya mashamba

Boma la Wajerumani lilijengwa Arusha mwaka 1900. Katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, Wajerumani pamoja na Makaburu waliotoka Afrika Kusini, na kuutenga msitu wa juu kuwa hifadhi. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliyataifisha mashamba ya Wajerumani, kisha badala ya kuyarudisha kwa wenyeji wakayauza upya kwa walowezi wengine. Matokeo yake yakawa pete: msitu uliofungwa juu, mashamba ya kahawa na katani chini, na katikati Wameru na Waarusha ambao idadi yao ilianza kupanda tena. Ng'ombe waliotaka kushuka kwenye malisho na magadi ya nyikani walilazimika kupita vichochoro kati ya mashamba ya wageni.

Hali hiyo ndiyo iliyokuwa imeelezwa, pasipo kuutaja mlima wowote, na nadharia mbili zilizozaliwa Ulaya. Mwaka 1798 kasisi Mwingereza Thomas Malthus aliandika kwamba idadi ya watu isipozuiwa hukua kwa kuzidisha (1, 2, 4, 8, 16) ilhali chakula hukua kwa kujumlisha (1, 2, 3, 4, 5). Njaa, maradhi na vita, au kuchelewa kuoa, ndivyo vinavyoirudisha idadi ndani ya uwezo wa ardhi. Kanuni ya kuzidisha ni rahisi kutumia: ukigawa 70 kwa kiwango cha ongezeko la mwaka kwa asilimia, unapata takriban miaka inayohitajika idadi iwe maradufu. Kwa asilimia 2 ni miaka 35; kwa asilimia 3.5 ni miaka 20.

Udhaifu wa kanuni hiyo ni kwamba haina mwisho. Mwanahisabati Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliipatia mwisho mwaka 1838. Alipendekeza kwamba kasi ya ongezeko ipungue kadiri idadi inavyokaribia kikomo fulani. Ikiwa W ni idadi ya watu, k ni kasi ya asili ya ongezeko na U ni uwezo wa mahali kubeba watu, ongezeko la kila mwaka ni k × W × (1 − W/U). Watu wakiwa wachache, mabano yanakaribia 1 na idadi inakua kama alivyosema Malthus. Wakikaribia U, mabano yanakaribia sifuri na ongezeko linasimama. Mchoro wake hupanda taratibu, kisha kwa kasi, kisha hulala, ukifanya umbo la herufi S.

Kanuni ya Verhulst ilisahaulika hadi Wamarekani Raymond Pearl na Lowell Reed walipoigundua upya mwaka 1920. Wote watatu walijaribu kuitaja U kwa tarakimu, na wote walikosea. Verhulst aliwahi kukadiria kikomo cha Ubelgiji kuwa watu milioni 6.6, kisha akakipandisha hadi milioni 9.4; leo nchi hiyo ina zaidi ya milioni 11. Pearl na Reed waliipa Marekani kikomo cha milioni 197, ambacho kilivukwa kabla ya mwaka 1970. Fomula haikuwa na kosa la hesabu. Tatizo lilikuwa kuichukulia U kama tabia ya kudumu ya nchi, kama vile kimo cha mlima.

Pale Meru U ilikuwa na mwenye kuiweka. Mipaka ya juu na ya chini ya ardhi ya wenyeji ilichorwa ofisini na kuandikwa kwenye hati.

Tume, hesabu na kesi ya ardhi

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ardhi ya wenyeji katika Kilimanjaro na Meru imejaa. Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi, chini ya Jaji Mark Wilson, ilichunguza suala hilo na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1947. Ilipendekeza baadhi ya mashamba ya walowezi yarudishwe kwa Waafrika. Papo hapo ilipendekeza ardhi ipangwe upya kwa rangi za watu, na Wameru waliokuwa Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, wahamishwe ili pawe na eneo moja la ufugaji wa Wazungu.

Mnamo Novemba 1951 serikali ilitekeleza pendekezo hilo kwa nguvu. Takriban watu 3,000 waliondolewa, nyumba zikabomolewa na kuchomwa, na wakaelekezwa Kingori, eneo la chini lenye joto ambalo wengi walilikataa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, alifika New York na kuyaeleza madai ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati huo, lakini kesi hiyo iliingia katika historia ya siasa za uhuru, na mwaka 1967 Japhet na Seaton waliichapishia kitabu.

Wakati huohuo maofisa wa kikoloni walikuwa wakitafuta kipimo cha kusema ni lini ardhi imejaa. Kipimo kilichojulikana zaidi kilitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambako mtaalamu wa kilimo William Allan alibuni fomula ya msongamano wa juu unaovumilika. Baadaye aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu mkulima wa Kiafrika. Inahitaji tarakimu tatu: eneo ambalo kila mtu hulima kwa mwaka, idadi ya mashamba yanayohitajika ili moja lilimwe na mengine yapumzike, na asilimia ya ardhi inayolimika. Zidisha mbili za kwanza, zidisha kwa 100, gawa kwa asilimia hiyo, na utapata eneo analohitaji mtu mmoja.

Mfano wa kubuni unaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyojibu. Mahali ambapo mtu hulima nusu hekta, kila mwaka wa kulima hudai mwaka mmoja wa kupumzisha, na nusu tu ya ardhi inalimika, mtu mmoja anahitaji hekta 2, yaani kilomita ya mraba hubeba watu 50. Mahali pa migomba na samadi, ambapo moja ya tano ya hekta humtosha mtu, hakuna kupumzisha, na asilimia 80 ya ardhi inalimika, mtu anahitaji robo hekta: watu 400 kwa kilomita ya mraba. Ni fomula ileile, lakini kilimo kimoja kinabeba watu mara nane ya kingine. Mtu anayekokotoa kikomo bila kujua kinacholimwa atakuwa amekokotoa kitu kingine kabisa.

P. H. Gulliver, mtaalamu wa sosholojia aliyeajiriwa na serikali, aliishi na Waarusha katika miaka ya 1950 na kueleza uhaba huo ukiwa ndani ya familia. Vihamba viligawanywa vipande vidogo kila kizazi. Kesi za mipaka kati ya majirani na kati ya ndugu ziliongezeka mbele ya wazee na mahakamani. Vijana waliokosa urithi walishuka kuelekea Kisongo na nyika za Wamasai, wakalima mahindi mahali ambapo zamani palikuwa malisho. Haikuwa njaa kubwa aliyoitabiri Malthus. Lakini haikuwa pia hali ya kutulia ya mchoro wa S: watu walizidi kuongezeka, na waliozidi walisambaa nje ya eneo lililokuwa likihesabiwa.

Wale waliobaki walibadilisha namna ya kulima. Kahawa, iliyoenezwa kwanza na misheni za Kilutheri, ilipandwa katikati ya migomba na kuleta fedha za kununulia chakula ambacho kihamba kidogo hakikukitoa. Ng'ombe wa maziwa walifungwa zizini na kulishwa majani yaliyokatwa. Mwaka 1965 mwanauchumi wa Denmark Ester Boserup alitoa nadharia inayofaa kabisa kueleza mwenendo huo. Alimgeuza Malthus: badala ya chakula kuamua idadi ya watu, wingi wa watu ndio unaowasukuma wakulima kutumia kazi zaidi na mbinu mpya kwenye ardhi ileile. Mfano maarufu wa nadharia hiyo katika Afrika Mashariki ni Machakos nchini Kenya, uliochunguzwa na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki katika kitabu cha mwaka 1994. Huko mmomonyoko wa udongo ulipungua huku watu wakiongezeka. Boserup mwenyewe alikiri kwamba mabadiliko hayo yana gharama, kwani mkulima hutoa jasho zaidi kwa kila debe la mavuno.

Mji unaochukua wa ziada

Kipengele ambacho fomula za Malthus, Verhulst na Allan hazina ni mlango. Zote huhesabu kana kwamba watu huzaliwa na kufa mahali pamoja. Kwa Meru mlango mkubwa umekuwa mji wa Arusha.

Sensa ya mwaka 1948 ilikuta watu 5,000 na ushee mjini. Mwaka 1957 walikuwa takriban 10,000, na mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa kuundwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake hapo, walizidi 32,000. Kati ya sensa hizo mbili za mwisho mji ulikua kwa karibu asilimia 12 kwa mwaka, kwa sehemu kwa sababu ya uhamiaji na kwa sehemu kwa sababu mipaka yake ilitanuliwa. Kama kanuni ya kuzidisha ingeendelezwa kwa kasi hiyo hadi mwaka 2022, Arusha ingekuwa na watu zaidi ya milioni 20. Sensa ya mwaka huo ilikuta 617,631.

Ulimwengu nao ulipata fundisho la namna hiyo. Mwaka 1960 Heinz von Foerster na wenzake walichapisha fomula iliyofuata vizuri idadi ya watu duniani tangu kale, kisha ikaipeleka kwenye wingi usio na mwisho siku ya Ijumaa, 13 Novemba 2026. Kasi ya ongezeko la watu duniani ilifikia kilele mwishoni mwa miaka ya 1960 na tangu hapo imekuwa ikishuka.

Sensa za karibuni zinaonyesha mlango ukifanya kazi. Kati ya mwaka 2012 na 2022 Tanzania ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Katika muda huo Wilaya ya Meru ilitoka 268,144 hadi 331,603, asilimia 2.1 tu kwa mwaka. Wilaya ya Arusha inayouzunguka mji ilikua kwa asilimia 3.3, na Jiji la Arusha kwa asilimia 3.9, kutoka 416,442. Kama Meru ingekua kwa kasi ya taifa, ingekuwa na watu wapatao 368,000. Ilipungukiwa na takriban 37,000. Jiji, kwa kasi ileile ya taifa, lingefika 572,000. Lilizidi kwa takriban 45,000. Haimaanishi kwamba wote waliopungua Meru walihamia jijini. Wapo waliokwenda mbali zaidi, familia zimeanza kuzaa watoto wachache, na jiji huvuta watu kutoka Singida, Kondoa, Kilimanjaro na kwingineko. Lakini mwelekeo uko wazi: ukanda wa kale wa vihamba hukua taratibu zaidi kuliko wilaya nyingi za mkoa, na mteremko wa watu ni kuelekea mjini.

Wanaofika huanzia kwenye kata zenye vyumba vya bei ya chini. Daraja Mbili, pamoja na Unga Limited na Ngarenaro, ni miongoni mwa kata ambako nyumba za vyumba vya kupanga zimesongamana karibu na masoko, gereji na viwanda. Hapo kipimo cha Allan hakina kazi, kwa kuwa hakuna anayeishi kwa ardhi anayoikanyaga. Uwezo wa kubeba watu unategemea ajira, usafiri, chakula kinachoshushwa kutoka Meru, Babati na Karatu, na zaidi ya yote maji.

Maji ndiyo yanayofanana zaidi na kikomo cha asili. Chemchemi za Mlima Meru, ambao ni volkano, hutoa maji yenye floraidi nyingi kiasi cha kuharibu meno na mifupa, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitafuta njia za kuipunguza. Hata hivyo kikomo hiki pia kimesukumwa. Mradi mkubwa uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulilenga kuongeza uzalishaji wa maji ya jiji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku, kwa kutumia visima vikiwamo vya wilaya jirani ya Hai. Jiji limevuka uwezo wa chemchemi zake kwa kuchota nje ya mipaka yake, kama vijana wa Waarusha walivyovuka uwezo wa vihamba kwa kushuka nyikani. Kila hatua ya namna hiyo ina mwenye eneo lililochotwa au lililolimwa, na gharama yake haionekani katika hesabu ya jiji.

Hesabu ya rika hadi rika

Wakadiriaji wa leo, wakiwamo wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hawaanzi na kikomo. Hutumia njia inayofuata makundi ya umri, ambayo mtafiti Patrick Leslie aliipa sura ya matriki mwaka 1945. Watu hupangwa kwa umri na jinsia. Kila kundi hupunguzwa kwa vifo, husogezwa mbele, hujazwa kwa uhamiaji, na wanawake wa umri wa kuzaa huzalisha kundi jipya la watoto. Njia hii hufichua jambo ambalo jumla pekee hulificha: nchi yenye vijana wengi itaendelea kukua kwa miongo kadhaa hata uzazi ukishuka, kwa kuwa akina mama wa kesho wamekwisha kuzaliwa.

Tanzania iko katika hali hiyo. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 5.2 katika utafiti wa afya wa mwaka 2015–16 na 4.8 katika ule wa mwaka 2022. Nadharia ya mpito wa kidemografia, iliyotolewa na Warren Thompson mwaka 1929 na kuendelezwa na Frank Notestein mwaka 1945, husema vifo hushuka kwanza na uzazi hufuata baadaye. Ongezeko kubwa ni la kipindi kilicho kati ya mishuko hiyo miwili. Umoja wa Mataifa umeitaja Tanzania miongoni mwa nchi 8 zitakazochangia zaidi ya nusu ya ongezeko la watu duniani hadi mwaka 2050.

Kwa Jiji la Arusha hesabu hizi zinatoa wigo badala ya tarakimu moja. Likiendelea kwa asilimia 3.9, litafikia takriban watu milioni 1.25 mwaka 2040. Likipungua hadi asilimia 3, litakuwa na kama milioni 1.06. Likishuka hadi kasi ya Wilaya ya Meru, asilimia 2.1, litakaribia 900,000. Tofauti kati ya kadirio la juu na la chini ni zaidi ya nusu ya wakazi waliohesabiwa mwaka 2022, na haitaamuliwa na fomula. Itategemea idadi ya watoto katika kila familia, ajira zitakazopatikana wilayani, mipaka ya jiji itakavyochorwa, na kiasi cha mashamba ya kahawa kitakachogeuzwa viwanja.